Mzee Unyevu Anaagwa kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika Nyumba ya Watambaazi, mlezi wetu mkuu wa vinyonga, Mzee Unyevu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Msomaji asishtuke akadhani jarida limechapwa kwa makosa. Ni kweli tulimuaga mwezi wa tatu, tukamuaga tena mwezi wa sita, na hotuba ya meneja ni ileile kasoro tarehe. Safari hii anaondoka kwelikweli. Mkewe amesema, na mkewe akisema, hata meneja hutafuta pa kukaa.

Mzee aliingia kazini kijana, ana nywele na hana miwani. Alikabidhiwa bomba la mkono la kunyunyizia, kwa maana kinyonga hanywi maji bakulini kama paka. Hulamba matone yaliyotua kwenye majani, na hewa ikikauka naye anakauka. Basi Mzee akanyunyiza asubuhi, adhuhuri na jioni, sikukuu na siku za kawaida, hata siku ya harusi yake, ambapo bibi harusi alikaa na maua yake mkononi akingoja majani yalowe kwanza. Jina la Unyevu alijipatia kwa kazi yake mwenyewe. Akiingia chumba chochote hunusa, kisha hutangaza hali ya hewa. Msibani hutoa pole, halafu anasema hewa ya humu kavu.

Kinyonga aliye naye sasa ni jike la kijani lenye maringo kuliko watumishi wote wa utawala. Mkewe Mzee, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, ndiye aliyembatiza Bi Mdogo, akajipa mwenyewe cheo cha Bi Mkubwa. "Mwenzangu ananyweshwa mara tatu kwa siku," huwaambia wateja wake, "mimi naulizwa tu chai iko wapi."

Kustaafu kulipokaribia, swali likawa moja: Mzee akiondoka, nani atamnyeshea Bi Mdogo? Vijana wa zamu ni hodari, sikatai, lakini ukimpa mmoja bomba atanyunyiza mara moja na kupiga picha tano. Mzee akaapa kuunda mvua inayojinyeshea. Alichukua pampu ya gari ile ya kurushia maji kwenye kioo, tangi la plastiki, mipira myembamba na vinyunyizio vidogo vya kutoa ukungu, akaunganisha na kipima unyevu: hewa ikikauka, pampu inawaka, ikilowa, inazima. Majaribio ya kwanza mpira ulichomoka, maji yakampiga meneja kifuani katikati ya neno "ufanisi". Meneja, ambaye huwakagua watambaazi kupitia dirisha la ofisi yake, alipokauka alitangaza kwamba wazo lilikuwa lake.

Mashine ilifanya kazi kama saa ya ukutani. Tukamuaga Mzee kwa vifijo, akaenda nyumbani Ijumaa. Jumatatu tukakuta kizimba kimekuwa bwawa. Bi Mdogo amejikunja tawi la juu kabisa, amegeuka rangi ya majivu, na pampu bado inanyesha. Gari likatumwa kumrudisha Mzee. Alipokaa tu kwenye kiti chake cha nyuma ya kizimba na birika lake la chai, mvua ikakata. Watu wakapiga makofi. Mzee akainua kidevu, akatuambia mashine inamjua bwana wake.

Kumbe kipima unyevu chenyewe alikuwa amekifunga kwenye mguu wa kile kiti! Ndani ya kizimba, alidai, kingemkera Bi Mdogo, na yeye miaka yote amepima hewa akiwa amekaa pale. Kwa hiyo mashine haikuwa ikipima hewa ya kinyonga hata kidogo. Ilikuwa ikipima mvuke wa chai ya Mzee. Akinywa, inazima, akienda zake, kunakuwa kukavu, nayo inamwaga mpaka ichoke.

Mtu wa kawaida angehamisha kipima. Sisi tuna kamati. Kamati ilikaa, ikajadili, ikaona kilichopungua ni mtu wa kukaa kitini anywe chai. Mlinzi wa lango akateuliwa, Mzee akaagwa mara ya pili. Mlinzi alikunywa kwa uzalendo, birika baada ya birika, na pampu haikuwaka tena. Wiki haikuisha, macho ya Bi Mdogo yamezama, ngozi imemlegea kama soksi kuukuu. Hapo hakuna aliyecheka. Mzee alirudi mbio, viatu havifanani, akamdondoshea maji jani kwa jani mpaka Bi Mdogo alipotoa ulimi. Kisha akatangaza kwamba hastaafu ng'o.

Siku ya pili yake Bi Mkubwa aliingia kwa mlango wa mbele. Hakumtazama mtu. Kile kiti, ilionekana, kilikuwa cha nyumbani kwake, kiliazimwa wangali vijana. "Baba nanihii," alisema, "mume nimemgawa, kiti sigawi." Akakibeba. Waya wa kipima ukamvuta nyuma, naye kwa hasira akakichomoa mguuni, akafungua kizimba na kukitundika kwenye tawi. "Na hiki kidude chako akae nacho huyo huyo!"

Mvua ikaanza, nyembamba kama pumzi. Majani yakalowa. Ikakata yenyewe. Mzee alisimama mbele ya kioo akiingoja ikosee. Adhuhuri ikanyesha, ikakata. Jioni vilevile. Bi Mdogo alimgeuzia jicho moja, la pili akalielekeza kwenye tone, akalamba tone. Walionong'ona kwamba Mzee alijua siku zote kipima kilipaswa kukaa wapi, waendelee kunong'ona, yeye alifuta miwani muda mrefu, mwisho akamwambia mkewe, "Haya mama, twende." Bi Mkubwa aliyekuja na matusi ya kutosha juma zima akamshika tu mkono.

Kwa hayo, Mzee wetu, wafanyakazi wote tunakushukuru. Umetufundisha kunusa hewa, na umewafundisha watoto wengi waliokuja hapa wakipiga mayowe waondoke wakipunga mkono. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na chai isiyozima kitu. Ukimkumbuka Bi Mdogo, njoo siku yoyote pamoja na Bi Mkubwa, mpite langoni kama wageni wengine, mmtazame kupitia kioo. Na tafadhali, Mzee, usiguse kitu.