Sekunde Arobaini za Bi. Marlys

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2015, Bi. Marlys Engebretson anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha seva cha chuo chetu hapa Duluth. Nimeombwa niandike maneno matamu. Nitajaribu, ingawa nina hasira.

Aliajiriwa kubadilisha kanda za kuhifadhia data. Haukupita mwaka, akawa ndiye mwandishi wa skripti za kuwashia mashine zetu za Unix: maandishi ya kawaida tu, amri moja chini ya nyingine, mashine inazifuata kwa zamu. Kila amri ya ajabu aliiandikia sababu, tarehe, na jina la aliyekosa chakula cha mchana kwa ajili yake.

Mwaka jana ikaletwa programu mpya, inayowasha huduma zote kwa mpigo. Sina ugomvi nayo, ina kasi kweli. Ugomvi wangu ni na mkurugenzi wetu, Bwana Todd Vanderlaan. Tulipokuwa tunahamishia skripti kwenye programu hiyo, alikuta amri ya kuitaka mashine isubiri sekunde arobaini, akacheka mbele ya kikao kizima: "Marlys, hata kompyuta unaipa muda wa kunywa kahawa?"

"Ifute ukitaka, Todd, ila uisome kwanza," alimjibu.

Aliifuta bila kuisoma. Mstari wa juu yake ulieleza kwamba diski za usajili huchelewa kuamka.

Januari mwaka huu barafu ikakata umeme. Uliporudi, usajili uliwaka kabla ya diski, na wanafunzi mia mbili na sita wakaandikwa kwenye folda tupu. Diski zilipoamka zikakaa juu ya folda hiyo, zikaificha. Bwana Vanderlaan akatangaza kwamba majina yamepotea. Bi. Marlys alizitenga diski, akayakuta majina yote kwenye folda iliyofichwa, kisha akaiagiza programu mpya izisubiri. Kitabu cha maelekezo ya programu hiyo alikuwa amemaliza kukisoma kabla yetu sote. Ripoti ilimsifu mkurugenzi, na jina la mama huyu halimo. Ni aibu.

Sasa nimeagizwa nizifute skripti zake zote leo, keki ya kumuaga ikishaliwa. Sizifuti. Nasema hivyo hapa, kwenye karatasi hii ya kumuaga ambayo hata Bwana Vanderlaan anayo mkononi.

Bi. Marlys, asante kwa kila sababu uliyotuandikia. Tunakuombea afya njema na samaki wengi ziwani. Mashine zikigoma, safari hii tutasoma. Simu ya kazini ikiita usipokee, hata nikipiga mimi.