Viatu vya Chuma Havingoji Jumapili

Risala ya Kikundi cha Wazazi Nyayo Nyoofu, Bukene, kwa Mganga Mkuu

KARIBU

Mgeni rasmi, Daktari, shikamoo. Na wazee wanaokuzidi umri waliomo humu watatuwia radhi. Umewakuta watoto wetu wanakimbia peku mkekani. Usidhani ni ufukara, viatu vyao tumevipanga mlangoni. Muuguzi wetu Silasi ametufundisha kwamba mtoto anayejifunza kutembea, mguu wake unataka kuijua sakafu kwanza.

TULIKOTOKA

Watu wa huku tumesifika kwa miguu tangu enzi za misafara. Mababu zetu walibeba mizigo hadi pwani, wakarudi, wakaenda tena. Kwa hiyo mtoto akizaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, maneno huwa mengi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu Julieth miaka mitatu iliyopita. Ameketi pale mstari wa pili. Tulipomwomba ruhusa ya kumtaja alijibu, "Semeni yote. Ila msinivike kilemba cha ukoka."

Basi tunasema. Julieth alipojifungua binti yake, Shukrani, alimfunika miguu kwa khanga miezi miwili, hata kisimani. Mama mkwe wake, bibi Tunu, aliikanda miguu ile kwa mafuta ya ng'ombe kila asubuhi, kwa upendo mwingi na bila mafanikio. Mwishowe ni bibi Tunu huyo huyo aliyesema, "Mkamwana, mficha uchi hazai. Twende kwa Silasi."

Wiki sita Shukrani alifungwa plasta, ambayo sisi tunaiita hogo, ikibadilishwa kila Alhamisi. Nyayo zikanyooka kidogo kidogo, na Julieth akalia kwa furaha mbele za watu. Kisha Silasi akampa viatu viwili vyeupe vilivyoungwa kwa chuma: mtoto avae mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu kila anapolala, hadi afike miaka minne.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu kiatu kipya ni cha kutokea, na Julieth mwenyewe hakuwahi kuvaa kiatu cha ngozi utotoni. Viatu vile aliviona vizuri mno kulalia. Alivifuta, akavifunga kwenye kitenge, akavitia sandukuni. Jumapili Shukrani akavivaa kanisani, watu wakamsifu. Hakuwa mzembe, Daktari. Alikuwa mtunzaji kupita kiasi. Mwezi wa nne mguu wa kushoto ulikuwa umerudi ulikotoka.

"Viatu ni vizima," alimwambia Silasi, "havina hata mkwaruzo."

"Mama Shukrani," Silasi akajibu, "ningefurahi kuviona vimechakaa."

TULIYOYAFANYA

Julieth alianza upya, hogo wiki nne nyingine. Safari hii alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wenzake viatu viko wapi. Katika nyumba saba, tano walivitoa sandukuni. Kikundi hiki kilizaliwa siku hiyo, kwa aibu na kicheko.

Leo tuna watoto thelathini na mmoja, na ishirini na sita kati yao wanakanyaga kwa wayo mzima, Shukrani akiwemo. Mtazame anavyomkimbiza yule kuku. Kila jioni mmoja wetu anapita kuhakikisha viatu vimevaliwa. Wenye watoto wa miguu mizima nao tunawafundisha: kausha katikati ya vidole, kata kucha bila kuchimba pembeni, kagua funza, na mbele ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kiatu kikubwa cha "atakua nacho" tumekipiga marufuku, na kinachobana vilevile. Kazi hii tunaiweza, na hatuisemi kwa kujigamba.

KINACHOTUSUMBUA

Tumesikia kwamba kliniki ya Alhamisi itahamishiwa mjini, huenda kuanzia wiki hii hii, kwa kuwa Silasi anahitajika huko. Hatumlaumu mtu. Lakini hogo halibadilishwi mara moja kwa mwezi. Mama anayetembea saa tatu kufika hapa, mjini atakwenda wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atalilowesha hogo na kulitoa mwenyewe nyumbani.

Julieth ana mtoto wa pili, Prosperi, wa wiki mbili. Amezaliwa na nyayo kama za dada yake. Hogo lake la kwanza ni Alhamisi hii.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengine, ya mabenchi na bomba la maji. Tumeyafuta asubuhi hii ili hili lisipate pa kujificha. Kliniki ibaki. Kama Silasi hana budi kuondoka, asiondoke kabla hajamfundisha mwingine hapa hapa.

Tunajua desturi: risala hukabidhiwa, na mgeni husema ataifanyia kazi. Tunakuomba leo usiseme hivyo. Leo ni Jumanne. Kuna akina mama wa vijiji vya mbali watakaotoka kesho alasiri, watoto mgongoni, ili Alhamisi asubuhi wawe mlangoni kwa Silasi. Mungu akujalie afya, na wajukuu wako wakanyage salama popote waendapo. Sasa tuambie, kabla hujakaa: tuwaache waje, au tuwapigie simu wasitoke?

Simu tunazo mkononi.

Ni sisi, wazazi wa Nyayo Nyoofu, Bukene.
Imesomwa na katibu, Zabibu.