Muhula wa Kwanza na Nyumba ya Tibirinzi

Sogeeni, wanangu, na hilo feni lizimeni, maana linanimezea sauti, na leo sauti yenyewe ni chache. Nassor, wewe ni mkubwa wao, keti hapo miguuni. Ruweida, njoo upande huu wenye sikio linalosikia. Yumna, mjukuu wangu, usikae chini na tumbo hilo. Baba yako Nassor atakuvutia kiti. Kabla sijasema nani achukue nini, nataka niwaambie jambo nililolitafuta tangu nikiwa matroni wa hospitali mpaka nimelala hapa, na sikulipata: Mwanawema, yule mzazi wa wodini kwetu, alikufaje katika wodi iliyojaa watu waliomwona akifa?

Nyinyi mlikuwa wadogo. Mwaka huo mimi nilikuwa Makka na baba yenu, tumekwenda hija, na niliporudi nikakuta hadithi imekwisha na watu wameshaacha kuisimulia. Mwanawema alijifungua asubuhi, mtoto wa kiume, mzima, akalia vizuri. Kisha damu ikawa haikatiki. Haikumwagika kwa kishindo. Ilitoka kidogo kidogo, namna ambayo muuguzi mzoefu huitambua kwa rangi ya midomo kabla hajashika mshipa. Wa zamu ya asubuhi aliiona. Alipokuja wa mchana kumpokea wakasimama kitandani, akaulizwa, "Huyu vipi?" naye akajibu kama tunavyojibu sote tukiulizwa hali ya mgonjwa mbele ya mgonjwa: "Hajambo, alhamdulillah." Wa mchana naye akaona, akakabidhi hajambo. Wa jioni akapokea hajambo. Ilipoadhiniwa magharibi Mwanawema alikuwa ameshafunikwa shuka.

Niliwaita mmoja mmoja, nikafunga mlango, nikawamiminia chai. Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alisema, "Niliona, Bi Mkubwa." Basi kwa nini ulisema hajambo? Mmoja akanambia aliyemkabidhi ni mkubwa wake, hakutaka aonekane anamsahihisha. Mwengine akasema aliona vibaya kumtabiria mtu mauti na mwenyewe anasikia. Wa tatu akasema hajui, akalia. Nimezipokea sababu zote, lakini hazinitoshi, kwa sababu wanawake hao hao, mbuzi wao akivimba tumbo, wangekitoa kijiji kizima cha Wawi nje kwa kelele. Nimesoma vitabu vya watu wa mbali, wenye hospitali kubwa kuliko mji wetu, nao wana vifo vyao vya namna hii na wamevipa majina. Majina nimeyajua. Jibu sikulipata, na sasa sina muda wa kulitafuta.

Daktari Abrahman ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali. Aliniambia, "Bi Mwanapili, hii ni amri ya Mungu, tuyafunge." Nikamjibu kwamba amri ya Mungu siipingi, ninachotaka kujua ni sisi tulifanya nini saa zote zile kabla amri haijafika. Tangu hapo salamu zetu zikawa za ncha za vidole. Lakini msimchukie. Alikuwa kijana katoka masomoni, daktari peke yake kwa wodi zote, na watu wanangoja aanguke. Huenda na yeye alipouliza aliambiwa hajambo. Kinyongo changu nakwenda nacho mwenyewe, hicho sikigawi.

Mali si nyingi. Nyumba hii ya Wawi na mikarafuu ya nyuma igawiwe kama sharia inavyosema, Shehe Rajab atawasimamia, wala msimtie tabu kwa kupima mti na mti. Ramadhani nilizokula kwa maradhi mnitolee fidia. Lakini nyumba ya Tibirinzi imo ndani ya theluthi yangu, na theluthi ni mimi wa kuisema. Naitoa wakfu, wakae humo wauguzi watakaokuja kusoma shahada ya uzamili ya uongozi wa uuguzi, hasa wanawake wenye watoto wanaotoka mbali. Nassor, najua ile nyumba ulishaiona duka. Usiinamishe kichwa, mwanangu, mtu kutaka si kosa. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Chuo kilipompa Ruweida kazi ya kuitengeneza shahada hiyo, alikuja hapa na mafaili mpaka kidevuni. Mihadhara mitupu: nadharia za uongozi, bajeti, sera, takwimu. Nikamuuliza, "Na mwanafunzi anaingia wapi?" Akanijibu, "Anakaa mbele, Mama, anaandika." Tukacheka, halafu tukagombana. Nikamwambia awaite kwanza hao watakaosoma, tuwasikie. Wakaja, wa Mkoani, wa Micheweni, wa Gando, watu wenye miaka yao kazini. Ulikuwa msimu, kwa hiyo nikawatandikia mkeka na kumwaga karafuu mbichi katikati, tukachambua. Nyinyi mmelelewa na kazi hiyo, mnajua watu wakichambua karafuu wanakuwaje. Vidole vinatenga makonyo, vile vikonyo vya karafuu, macho yako chini, duara halina kichwa wala mkia, na kitoto cha jana humtania bibi yake na hakuna wa kukikemea. Ruweida akaninong'oneza, "Mama, shahada ya uzamili haiwi kikao cha karafuu!" Yule muuguzi wa Gando akamsikia. "Ingekuwa kikao cha karafuu, Mwalimu," akamwambia, "mie ningeshahitimu zamani na joho ningeshalirudisha."

Walipokwisha kucheka nikawauliza neno moja tu: umeona nini wodini kwako ukanyamaza? Vidole vikaendelea kuchambua. Kisha yule wa Gando, aliyekuwa anachekesha watu, akasema kwamba mwaka huu huu alimkabidhi mzazi anayetoka damu, na kinywa chake mwenyewe kikasema hajambo, na alijisikia akisema kama anayemsikia mtu mwengine chumba cha pili. Mzazi yule alipona kwa sababu dada yake alikuja kumtazama akapiga ukelele. Mwanawema kaoza kaburini, na neno lililomuua lingali linakabidhiwa, zamu kwa zamu, na wauguzi waliokuwa hawajazaliwa siku ile.

Baada ya huyo, kila mtu alikuwa na lake. Wanaogopa kuhamishiwa visiwa vidogo vya mbali. Wanaogopa kuitwa wajuaji. Wanaogopa kumvunjia heshima mtu aliyewafundisha kazi. Na mtaala ulitoka hapo, kwenye midomo yao. Muhula wa kwanza hauna mihadhara. Mwanafunzi analeta jambo aliloliona akanyamaza, wenzake wanamhoji, na mwalimu anakaa ndani ya duara kama mwengine yeyote na kuleta kitabu pale kinapoombwa. Kisha mwanafunzi anarudi wodini kwake, anaongoza makabidhiano ya zamu mbele ya kila kitanda, na wanaompima ni wale anaowaongoza, mpaka mfagizi. Bajeti na sera zinamngoja muhula wa pili, akiwa ameshajua anazitakia nini. Ruweida, mimi nilisema tu; wewe ndiye uliyeipanga kazi ile ikasimama. Ni yako, na ni nzuri.

Nipeni maji. Tone tu. Basi.

Juma lililopita Daktari Abrahman alikuja kunitazama. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa baraza la chuo. Kaja na tende. "Bi Mwanapili, wewe hufi," ananambia. "Malaika wa mauti anaogopa utamkagua kucha." Nikamwambia na aje, ila mlangoni anawe mikono. Tulicheka mpaka kikohozi kikanikamata. Nilipotulia akasema, bila kuniangalia, "Muhula wa kwanza tunauondoa. Wakuu wa wodi wamekataa. Wanasema mnawafundisha watoto kutoa siri za nyumba." Nikamuuliza, wakishazoea kuficha, siku wanapokuwa wakuu wataongoza nini? Akaizungusha kofia yake mkononi. "Ruweida ameshakubali," akasema. "Ametia saini."

Usilie, mwanangu. Sikukuita nikuaibishe mbele ya kaka yako. Nadhani waliyokwambia ni kwamba bila saini hiyo shahada haifunguliwi kabisa, nawe ukaona nusu ni bora kuliko hakuna. Pengine mimi kwa umri wako ningesaini vilevile. Lakini nikwambie nilichokisikia. Waliponilaza mara hii ya mwisho, siku moja mchana nilifumba macho na wauguzi wawili wakasimama kitandani kwangu kupokezana. "Bibi vipi?" "Hajambo, alhamdulillah." Nawe ulikuwa umesimama hapo hapo, Ruweida, vipimo vyangu umevisoma, unajua kuliko wote wawili, na nikakusikia kwa sauti yako niliyoifundisha kusema: "Alhamdulillah, hajambo." Sikufumbua macho. Niliogopa. Sikuogopa kufa, nimewafunga videvu maiti wengi mno kuogopa hilo. Niliogopa kwa sababu ikiwa limekushika wewe, uliyeandika mtaala mzima wa kulikataa, litamwacha nani?

Na Yumna anakwenda kuzalia wodi ile ya Mwanawema mwezi ujao. Nassor, umenisikia? Wodi ile ile. Mtoto wako atalala hapo na midomo yake itakuwa na rangi fulani, na mtu ataiona. Mimi sitakuwepo kupita na kuuliza. Kila nikifumba macho naona kitanda kile kimeshatandikwa.

Basi wakfu wangu una sharti, na Shehe nimeshamwambia. Nyumba ni ya wauguzi maadamu muhula wa kwanza uko kama walivyoutaka wenyewe. Siku utakapoondolewa, watoke, na iwe nyumba ya wajawazito wa mbali kungojea siku zao karibu na hospitali, maana watakuwa na haja kubwa zaidi ya kuwa na jamaa zao karibu wa kupiga kelele. Msimamizi ni Nassor. Ndiyo, wewe. Ruweida ana moyo wa kuridhia watu. Wewe mtu akikwambia bei unamwambia hapana mpaka anachoka. Hapana hiyo ndiyo ninayoitaka mlangoni.

Baraza la chuo linakaa kesho asubuhi. Ruweida, chukua simu, mpigie Daktari umwambie unaiondoa saini yako, weka spika. Sasa. Nataka nisikie na mimi.

Inaita.

...Naam, salamu, mwanangu, salamu ni njema. Watoto wake hawajambo, mkewe hajambo, umeshamuuliza hata ng'ombe wake. Mwambie sasa. Mbona unaniangalia mimi? Mwambie.

Yumna, kaa, utaanguka. Unafanya nini? Muache, Nassor. Muache aichukue simu.

...

Eee. Mmemsikia? "Babu Daktari, shangazi anaondoa saini yake. Muhula wa kwanza ubaki, mimi nakuja kuzalia pale." Hivyo hivyo, wala hakutanguliza shikamoo. Anauliza wewe ni nani. Mwambie. Yumna wa Nassor. Anasema umpe simu mkubwa wako. Usimpe. Mwambie mkubwa wako yupo na anasikia kila kitu.

Ruweida, mwanangu. Neno moja tu, na yeye alisikie kwa sauti yako. Si lazima liwe kubwa.

..."Naiondoa." Umesema. Nimekusikia. Kule hajakata simu. Na nyinyi msikate, ana mengi ya kufikiria, naye ni mzee kama mimi. Kesho kwenye baraza hamjui atasema nini, wala mimi sijui, na wakuu wa wodi hawajalala. Usiende peke yako, Ruweida. Nenda na wale wa kwenye mkeka.

Nimechoka. Mniweke kibla. Anioshe Ruweida, na maji yasiwe moto. Mnizike upesi, msingoje mtu wa kuja na boti. Anayenidai haki yoyote anisamehe, na mimi nimesamehe, na Daktari mwambieni... mwambieni nimesamehe. Mungu awape macho, na awape na... awafungue vinywa. Awatunzie huyu na kilichomo tumboni. Radhi zangu mnazo, wote, sikubakisha.

Shehe akija... mwambieni hivi. Muhula wa kwanza tumesema ubaki. Nyumba ni ya wauguzi, funguo anazo Nassor. Saini kaiondoa Ruweida. Na aliyemwambia Daktari... ni Yumna.