Dakta Ngoja na Kona Moja ya Uvimbe

Tarehe thelathini mwezi huu, Dakta Ngoja anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma picha za watoto hospitalini kwetu. Jina hilo tulimpa sisi. Hakuna daktari wa upasuaji aliyewahi kuingia chumbani kwake kwa pupa akatoka bila kuambiwa angoje kwanza.

Alianza kazi tukiwa na mashine ya eksirei na feni mbovu. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku kubwa, ilipoletwa, alikuwa wa kwanza kulala ndani yake ili ajue mtoto atasikia nini. Alitoka akisema ni sawa na kulala ndani ya pipa huku mafundi bati wakiwa kazini. Tangu siku hiyo aliwaigia watoto kelele zote kwa mdomo kabla ya kuwaingiza, na wengi waliingia wakicheka. Siku moja yeye mwenyewe, anayetufokea sote kuhusu vyuma, aliingia na pini ya nywele kichwani, sumaku ikaichomoa. Hatujaacha kumtania hadi leo.

Lakini kwenye picha hakuwa na mzaha. Uvimbe wa mishipa ya fahamu kwa mtoto humpa daktari yeyote shida, maana ulio mpole na ulio saratani huweza kufanana kama mapacha. Dakta Ngoja alitazama maji ya mwili yanavyotembea ndani ya uvimbe. Kwenye uvimbe mpole mara nyingi maji hupita. Kwenye saratani seli hubanana, maji yakakwama kama watu mlangoni pa uwanja. MRI huonyesha hayo bila kisu. Mimi ni fundi wa mashine hiyo, naziona picha hizo kila siku, na bado mwili hunisisimka.

Binti wa mpishi wetu alikuwa na miaka minne alipokutwa na uvimbe kando ya uti wa mgongo. Sindano ya kwanza ilichukua kipande cha uvimbe kikapimwe, majibu yakasema si saratani. Mpishi akapikia wodi nzima chai huku akiimba. Dakta Ngoja akamfuata jikoni, akamweleza kwamba kuna kona moja, ndogo kama punje ya harage, ambako maji hayapiti, na sindano haikufika huko. Aliomba nyingine. Mpishi alimuuliza kama anaona raha kumharibia mtu furaha, kisha akageuka kuosha sufuria zilizokwisha kuoshwa. Alikubali, ila salamu zilikatika kati yao.

Sindano ya pili ilielekezwa palepale. Ilikuwa saratani, na ilikuwa bado inatibika. Dawa zilimmaliza mtoto nywele na kumpotezea mwaka wa chekechea, halafu picha zikaanza kuja safi.

Kwa siku ya kuagana, mpishi amekataa kusaidiwa na mtu yeyote jikoni; chakula cha daktari atakipika mwenyewe. Binti yake, ambaye sasa anamzidi mama yake huyo kimo, ndiye atakayemshika daktari mkono kumwingiza ukumbini.

Asante, Daktari. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, ufurahie wajukuu zako. Nasi huku tutaendelea kutazama kila kona.