Tadeo Ntakije, Aliyepeleka Mbwa wa Watu Chanjo

Marehemu Tadeo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kambi ya wakata mkonge, hapa Mwera, wilaya ya Pangani. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Ntakije, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge, asirudi tena. Wa kwanza ni Mathew, mtu wa kuzungukazunguka, leo Muheza, kesho Korogwe.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Hesabu alizijua kuliko kaka yake, na kaka yake habishi.

Alikata mkonge miaka kumi na minane, kisha akalima mahindi na muhogo. Nguruwe pori walipozidi, akafuga mbwa watatu. Mbwa hao waliwafukuza nguruwe kwake na kwa majirani pia, maana nguruwe akikimbizwa haulizi mpaka wa shamba. Wengine nao wakafuga, lakini bila kuwafunga wala kuwalisha, mpaka mbwa wakawa wa kila mtu na si wa mtu.

Kila mwaka wataalamu wa mifugo walipoleta chanjo ya kichaa cha mbwa, tena bure, watu walisema, "Wakichanjwa wa Tadeo inatosha." Yeye alijibu kwamba ugonjwa hautafuti wa Tadeo, unamtafuta yule aliyebaki. Basi akazunguka na kamba, akikokota hata wale wasio na mwenyewe. Jirani yake Mwinyijuma alimcheka.

"Wee Tadeo, mimi mbwa hata kumgusa sitaki. Hiyo chanjo yanihusu nini?"

"Na nguruwe waliomaliza muhogo wako, ulikuwa unawafuga?"

Mwinyijuma alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alimsaidia kushika kamba, ila ncha ya mbali kabisa.

Tarehe 8 Oktoba 1994 Tadeo alifunga ndoa na Leticia, wakajaliwa Benedikta na Elizabeti. Leticia ndiye aliyechana kanga yake nyekundu ili kila mbwa aliyechanjwa afungwe kitambaa shingoni. Kijiji kilikuwa kimekubaliana asiye nacho auawe.

Tarehe 2 Desemba 2024 Tadeo aliumwa mguuni na mbwa mwenye kitambaa. Leticia alimsihi aende hospitali akachomwe sindano.

"Huyu kachanjwa, mama Benedikta, si unaona?"

Akaosha kidonda, akaenda shamba. Tarehe 19 Januari koo lake lilikataa maji. Alipelekwa Tanga, tukaambiwa tumechelewa. Alifariki Ijumaa, tarehe 24 Januari 2025, akiogopa kikombe.

Mbwa yule hakuchanjwa. Siku ya chanjo mwenyewe alikuwa safarini. Aliporudi akahofu mbwa wake atauawa, akachomoa kitambaa kwenye fungu lililokuwa chini ya kitanda cha Tadeo, akamfunga. Alidhani mmoja si kitu. Mbwa alipokufa wiki ile ile aliyomuuma Tadeo, mwenyewe hakumwambia mtu. Mwenye mbwa ni Mathew, kaka yake, ndiye anayewasomea haya.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na kaka mmoja. Ameacha na mbwa watatu, wote wamechanjwa. Jumamosi hii, tarehe 1 Februari, wataalamu wanarudi ofisi ya kijiji. Mwinyijuma amesema atashika kamba. Mathew safari hii haondoki. Atashika ncha ya karibu.

Ee Mungu, mpe Tadeo pumziko, na sisi utuamshe.