Zachariah Njuguna Karanja (1957–2025): Alisema Ile ni Shingo, Si Mkia

Wapendwa, hebu mfikirieni Zachariah akiingia hapa getini Mutuini jioni, nywele zimejaa vumbi la mawe. Hata kabla ya salamu anainua mfupa kutoka kwenye sufuria. "Shiru, hii ni shingo ama mkia?" Na mkewe: "Baba Debra, hiyo ni supu yangu. Rudisha kwa sufuria."

Zachariah alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 papa hapa Mutuini, mtoto wa pili wa marehemu Karanja, mchinjaji, na marehemu Muthoni. Alisoma hadi kidato cha pili, mwaka 1974, kisha akaingia buchani kwa babake. Huko ndiko alikosomea mifupa hasa. Ungempa pingili ya uti wa mgongo akiwa amefumba macho, angekuambia ni ya mbuzi au ya ng'ombe, na imetoka wapi mwilini.

Mwaka 1983 aliajiriwa katika ghala moja la visukuku jijini, kazi yake kuitoa mifupa ya kale kwenye mawe. Juni 1996 alifungua droo yenye pingili kumi na tisa kutoka miamba ya Pwani. Kadi ilisema: "Mamba, mkia." Alizipanga mezani siku tatu. Chini ya kila moja kulikuwa na vitundu viwili vya mishipa ya damu, ambavyo mamba hana, na mbavu zilishikia mahali zinaposhikia kwenye pingili za shingo. Kwake, huyo alikuwa mtambaazi wa baharini aliyetoweka zamani, mwenye mapezi manne na shingo ndefu kiasi cha kudhaniwa mkia.

"Njuguna," mkuu wake alimwambia, "wewe ni wa kusafisha. Kuainisha ni kazi ya wenye digrii."

"Sawa, bosi. Lakini si ugeuze pingili moja tu uone chini?"

Hakuigeuza. Zachariah alipeleka barua tisa ofisi kuu, katikati ya jiji. Alijibiwa moja, ya kumshukuru kwa usafi. Alistaafu 2017 kadi ikiwa vilevile, na ilimuuma, tusidanganyane hapa.

Alimwoa Shiru tarehe 7 Desemba 1985. Nyumbani hakupandisha sauti, ila tu mtu akitaja mamba.

Figo zilianza kumsumbua 2022. Kitandani alimwuliza daktari kama amewahi kuona shingo ya pingili arobaini. Daktari akamwomba apumzike kidogo. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Machi 2025.

Jumatatu iliyopita ofisi ilituma rambirambi tuzichapishe kwenye ratiba hii: wanamkumbuka "kwa kuutunza mkia wetu wa mamba." Debra, bintiye, alizisoma akazirudisha. "Hizi haziingii. Baba hazikwi na mamba." Ndiyo sababu ukurasa wa mwisho mnauona mtupu.

Ameacha mjane, Shiru. Watoto, Debra na Kinyanjui. Na wajukuu wanne. Mungu ampe utulivu alioukosa kazini. Nanyi wenzake mlioketi kwenye hema la pili, kalamu mnazo: kwenye ukurasa huo mtaandika nini?