Munkoyo ya Chola

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Marceline Nkandu, mshonaji wa mtaa wa Makomeno. Amekufa kwa kansa ya titi. Narudia: kansa ya titi. Si munkoyo.

Mlimjua. Hata pini zikiwa mdomoni alitania wateja: "Mama, ingiza tumbo, kitambaa haiko mpira!"

Alipoanza dawa ya kansa, ile ya mshipani, chakula kilimshinda. Ni munkoyo tu, kile kinywaji chetu, ilipita. Chola, mke wa kaka yake Sylvain, ndiye aliyeileta, ya mahindi na mizizi, imechachuka vizuri. Kisha nywele za Marceline zikaanguka. Macho ya nyumba nzima yakaenda kwenye ndoo ya Chola.

Dada mkubwa, Léonie, hakuficha. "Uyu muke wa kutoka kijijini Lukafu anatiaka nini mule?"

Sylvain akamjibu dada yake: "Yaya, si anakunywaka yeye wa kwanza?"

"Mulozi njo anakunywaka wa kwanza, asionekane!"

Ndoo ikarudishwa mlangoni. Wakamsafisha Marceline tumbo ili sumu itoke: lavement ya majani kwa njia ya chini, na antibiotiki za sokoni. Hakuna daktari aliyeulizwa. Narudia, hakuna. Akaharisha mpaka akashindwa kusimama. Dawa ya kansa ikaahirishwa. Ikaahirishwa tena.

Nilimuuliza daktari mmoja. Naye nilimwangalia vizuri, maana wenye kujua sana hupenda kufunga mdomo.

"Mu tumbo muko vijidudu bizuri," alisema. "Bachunguzi banazania ile vijidudu, na chakula, inaweza kusaidia dawa ya kansa, ao kuizuia. Bado habana hakika. Lakini kufagia tumbo bila kuuliza, hapana."

"Basi munkoyo ingemponya?"

"Sikusema ivyo, mama. Hata iyo munkoyo, ilifaa batuulize kwanza."

Kwenye kilio Chola alileta ndoo. Akachota, akanywa wa kwanza. Kikombe kikazunguka. Ghafla kila mtu alikuwa ameshiba. Kikafika kwa Léonie.

"Mudogo yangu alikuwa ananiomba hii," akasema. "Mpaka mwisho alikuwa ananiomba."

Akakishika kwa mikono miwili. Hakunywa.

Poleni familia ya Nkandu. Pole Sylvain, pole dada Léonie. Na pole Chola, maana pale hakuna aliyekupa pole.

Na wewe msikilizaji uliyekuwepo, uliyepitisha kikombe ukisema umeshiba: ulikuwa umeshiba kweli?